Maneno ya Mwanaidi Chini ya Jina Langu

Siku tulipomsomea mdogo wangu Mwanaidi arobaini yake, pale Sindeni, tulikuwapo hawa: mumewe Rashidi na watoto wao watatu, mdogo wetu wa mwisho, Salehe, aliyefika asubuhi kutoka Morogoro akiwa bado na mikunjo ya safari kwenye shati, mke wangu Neema, binti yetu Mwanahawa, ambaye sasa yuko kidato cha tatu, Bi Sofia, aliyekuwa mwenye nyumba wetu Korogwe, ambaye macho yamemwishia na aliletwa kwa gari la kukodi kwa sababu alikataa katakata kubaki, shehe wa msikiti wa hapo, majirani wa mashamba ya karibu, na jamaa wawili wa kifugaji kutoka upande wa nyikani ambao marehemu alikuwa akiwashonea nguo. Na mimi, Athumani, kaka yao mkubwa. Nimewataja wote kwa sababu wote walisikia yaliyosemwa siku ile, na kati yetu ni watatu tu tuliojua kwamba hayakuwa kweli.

Rashidi si mtu wa maneno mengi. Pilau ilikuwa imeshaliwa na watu wananawa mikono aliposimama kushukuru. Alimshukuru shehe, akawashukuru majirani kwa maji na kuni, kisha akanigeukia. Alisema, "Huyu shemeji yangu ndiye baba na mama wa marehemu. Ndiye aliyemsomesha. Akamchukua mjini, akamfundisha hata kompyuta. Marehemu mwenyewe alikuwa akisema kwamba mambo yote anayoyajua, kafundishwa na kaka yake." Watu wakaitikia kwa kutikisa vichwa. Nikainamisha changu, kama mtu anayepokea sifa kwa unyenyekevu. Ndipo Bi Sofia, upande wa akina mama, akauliza kwa sauti ile ile aliyokuwa akitumia uani kwake, "Nani alimfundisha nani?" Mtu akamnong'oneza kwamba ni Athumani aliyemfundisha mdogo wake. "Macho ndiyo yamekwisha," alisema Bi Sofia. "Masikio ninayo, na kumbukumbu ninayo." Wakadhani ni uzee. Neema aliniangalia kupitia katikati ya vichwa vya watu, akaangalia pembeni.

Mwaka ninaotaka kuusimulia ni ule aliozaliwa Mwanahawa. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili kwa Bi Sofia, mtaa wa Manundu, mjini Korogwe. Cha mbele kilikuwa na kiti kimoja cha mbao, meza ambayo mguu wake mmoja ulisimama juu ya kipande cha tofali, na dirisha lililotazama uani, ambako wapangaji wote walifua, walipika na kugombana. Cha ndani kilikuwa na kitanda, neti, na beseni la nguo za mtoto ambalo halikuwahi kuwa tupu. Kati ya vyumba hivyo hakukuwa na mlango bali pazia. Jua la asubuhi lilipitia dirishani hadi mezani na kufika kwenye kioo cha laptopu, na kwa muda wa saa nzima sikuweza kusoma kitu bila kujifunika kanga ya Neema kichwani pamoja na kompyuta yenyewe. Bi Sofia alipopita aliniita Bibi Harusi.

Mimi shule niliiachia kidato cha pili, kwa sababu ambazo yatima yeyote mwenye wadogo anazijua, na sitazieleza hapa. Kompyuta nilijifunzia kwenye stesheneri moja karibu na stendi, nikichapa barua za watu na kadi za harusi. Mpiga picha mmoja alitaka blogu ya kuonyesha kazi zake, nikamtafutia programu ya bure ya kuitengenezea, na nikiwa ninaichunguza ndipo nikagundua jambo ambalo mwanzoni sikuliamini: programu ile haikuwa na mwenyewe. Ilitengenezwa na watu waliotawanyika duniani, wengi wao bila malipo, na mtu yeyote aliweza kuifungua ndani, kuona ilivyofumwa, kurekebisha palipoharibika na kuacha marekebisho yake wazi kwa wengine. Kwetu ungeuita msaragambo, kazi ya kijiji kizima. Tofauti ni kwamba katika msaragambo wa barabara hakuna anayeandika nani alibeba jiwe lipi, ila huku kila kilichofanywa kiliandikwa jina la aliyekifanya, na kila toleo jipya lilipotoka lilikuja na orodha ya majina. Mimi nilianza kwa kupunguza uzito wa kurasa ili zifunguke kwenye simu dhaifu. Baadaye nikachukua tafsiri ya Kiswahili: kila kitufe, kila onyo, kila neno ambalo mwenye blogu angeliona. Msimamizi wa tafsiri za lugha zote alikuwa mama mmoja wa nchi za baridi, jina lake Marit. Sikuwahi kukutana naye, lakini kwa mtu aliyeishia kidato cha pili, kuandikiwa "Ndugu Athumani, tunaomba maoni yako" lilikuwa jambo la kumfanya akae sawasawa kwenye kiti.

Mtoto alizaliwa mvua za masika zikiisha. Tulimpa jina la mama yetu, na kwa desturi yetu wadogo zangu hawakuweza kulitamka jina lile hivi hivi. Walimwita Mama. "Mama amejikojolea." "Mama kaamka, mnyanyueni." Salehe alikuja likizo kutoka shule ya bweni akamwamkia mtoto shikamoo pale kwenye neti, mtoto akapiga chafya, Salehe akasema, "Kaitikia marahaba kwa Kizigua." Tulicheka sana. Nilikuwa na furaha ambayo sijui niifananishe na nini, maana nilizoea kulea watoto ambao sikuwazaa, na huyu alikuwa wa kwanza ambaye hakuja kwangu kwa msiba.

Neema ni Msambaa wa Bungu, muuguzi, na wakati ule alikuwa akifanya kazi katika zahanati upande wa Ngombezi, kwenye mashamba ya mkonge. Likizo yake ya uzazi ilipokwisha alirudi kazini. Aliondoka asubuhi na kurudi alasiri, na mimi kazi yangu ilikuwa mezani, kwa hiyo tulikubaliana nitashinda na mtoto. Alikamua maziwa yake kabla ya kuondoka, akayaacha kwenye kikombe cha plastiki chenye mfuniko, ndani ya sufuria ya maji baridi. Siku ya kwanza tu Bi Sofia alikiona.

"Athumani, hiki kikombe kina nini?"

"Shikamoo Bi Sofia. Maziwa."

"Marahaba. Ya ng'ombe gani?"

"Ya Neema."

Alikifunika tena polepole, kama mtu anayemfunika aliyelala. "Haya," akasema. "Na wewe ndiye utakayemnywesha, na hicho kidude mapajani." Kufikia adhuhuri ua mzima ulijua. Wanaume waliokuwa wakiponda kokoto mtaa wa pili wakaanza kuniita Mama Mwanahawa. "Mama Mwanahawa, umeshanyonyesha?" Nilijifunza kuitikia. Nilimfunga mtoto mgongoni kwa kanga nikaandika nikiwa nimesimama, laptopu juu ya kabati la vyombo, nikijiyumbisha kulia na kushoto, na kila nilipoacha kuyumba alilia. Kazi ya mtu anayeyumba haiendi mbali. Nilianza sentensi saa tatu nikaimaliza saa sita, na katikati yake kulikuwa na nepi mbili, maziwa yake, ugali wangu na kukatika kwa umeme. Mara moja mtoto alinyoosha mkono akabonyeza, na barua iliyoandikwa nusu ikaenda kwa watafsiri wote duniani. Marit alijibu, "Karibu kwa mchangiaji mpya." Lakini wiki iliyofuata aliandika jambo lingine, bila mzaha: toleo jipya lilikuwa linakaribia, Kiswahili kilikuwa nyuma kuliko lugha zote, na lugha isiyokamilika ingeachwa nje. Nilisoma barua ile mtoto akinitafuna kola. Nikampigia simu Mwanaidi.

Alishuka kutoka Sindeni na kikapu chenye unga wa muhogo wa kupikia bada, mlenda mkavu, na kuku mmoja aliyefungwa miguu ambaye alimnyea njiani. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, anangoja nafasi ya chuo cha ualimu, na tulipatana akae miezi miwili. Alimchukua mtoto mikononi mwangu, akamwambia, "Mama, shikamoo, nimekuja kukulea, na wewe ulinilea," akamfunga mgongoni pale pale mlangoni. Kisha akauliza mlenda upikwe saa ngapi.

Siku za mwanzo alikaa na mtoto, mimi mezani. Lakini chumba kilikuwa kidogo, na mtoto alipolala Mwanaidi hakuwa na pa kukaa ila nyuma ya kiti changu. Akaanza kusoma begani kwangu. Siku moja nikamsikia akicheka puani.

"Unacheka nini?"

"Kaka, hiyo ni barua ya mkuu wa wilaya?"

Nilikuwa nimeandika: *Ingizo lako limewasilishwa kwa ajili ya uhakiki.* Niliona ni Kiswahili kizuri, cha heshima. Mwanaidi hakubishana nami. Aliinamia dirishani, na Bi Sofia alikuwa uani anapembua mchele.

"Bi Sofia, ukiambiwa 'ingizo lako limewasilishwa kwa ajili ya uhakiki', utaelewa nini?"

Bi Sofia alifikiri huku ungo ukiendelea. "Kwamba nimeshtakiwa."

"Na ukiambiwa 'Tumepokea ulichoandika, kitasomwa kwanza kabla ya kutoka'?"

"Hapo nitasubiri."

Mwanaidi akaniangalia, wala hakutabasamu. Nikamwachia kiti. Tangu siku ile tulipokezana mtoto na kompyuta, na mwishowe sikuwa ninapokezana tena, nilikuwa na mtoto tu. Alifanya kazi kwa namna ambayo sijaona mtu mwingine akiifanya, kabla wala baada. Alichukua maneno kumi, akatoka nayo uani yakiwa kwenye karatasi, akamsomea aliyekuwepo: anayefua, anayemenya mihogo, mke wa dereva wa chumba cha mwisho ambaye hakujua kusoma. Kama yule mtu aliuliza "maana yake nini", neno lilikuwa limeshindwa, akalifuta. Kama aliitikia tu na kuendelea na shughuli yake, neno limepita. Wanawake wa ua ule walifika mahali wakaanza kumngoja. "Leo umetuletea nini?" Siku aliyowapelekea onyo la kufuta picha walibishana hadi maharage yakaungua, na Bi Sofia ndiye aliyetoa uamuzi: "Mwambie ukweli. Mwambie, ukiifuta hairudi." Ikaandikwa hivyo, na bado iko hivyo.

Alipoanza tu kukaa mezani aliniuliza, "Kaka, si nijisajili, nifungue jina langu? Ni dakika mbili."

Nilimjibu kwamba tutawachanganya. Marit ananijua mimi, nikasema, na wakati wenyewe umebana. "Toleo likitoka tutafungua lako."

"Sawa, kaka."

Nataka nieleze jambo hili kama lilivyokuwa, bila kujipaka mafuta. Sikuwa na nia ya kumwibia. Nyumbani kwetu kila kitu kilikuwa kwa jina langu. Shamba la Sindeni, laini za simu za wote watatu, fomu za shule za Salehe, daftari la dukani. Tangu tulipobaki wenyewe, Athumani alikuwa mlango, na chochote cha kuingia au kutoka kilipita kwake. Mwanaidi kuandika chini ya jina langu hakukuwa tofauti na Mwanaidi kulima shamba lililoandikwa jina langu, na hakuna aliyeona ajabu, si yeye wala mimi. Ila shamba likivunwa, mahindi huliwa na wote.

Wiki ya mwisho kabla ya toleo mtoto alipata homa. Ilianza mchana, na kufikia alasiri macho yalikuwa yamepinduka na mwili umekakamaa kama ubao. Neema alikuwa ndiyo kwanza anaingia. Mimi, niliyewalea wawili, nilisimama katikati ya chumba nikishika kanga, na Neema muuguzi, anayewashika watoto wa wengine kila siku, alinipita akisema "Mwanangu, mwanangu," kwa Kisambaa, lugha ambayo hakuwa akiitumia nyumbani. Tulikimbia naye hospitali. Nilipokuwa mlangoni Mwanaidi alisema, "Na kazi?" Nikamwambia, "Endelea. Maliza. Unajua pa kuingilia." Tulikaa wodini siku tano. Kitanda cha jirani kulikuwa na mama wa kifugaji kutoka Handeni ambaye mtoto wake alikuwa amelala tu, halii, na siku ya tatu asubuhi tuliporudi kutoka kuoga kitanda kilikuwa kimetandikwa shuka safi. Neema alikaa chini sakafuni. Baada ya hapo hakuna aliyetamka neno lolote kuhusu kazi, yake wala yangu.

Wetu alipona. Siku tuliyorudi nyumbani Mwanaidi alikuwa amepika wali na kisamvu cha nazi, amefua kila kilichofulika, na Kiswahili kilikuwa kimekamilika, kabla ya lugha nyingi kubwa. Hakuwa amemaliza yaliyobaki tu. Alikuwa amerudi mwanzo na kuyaandika upya karibu yote niliyoyafanya mimi miaka miwili iliyotangulia. Toleo likatoka, na orodha ikatoka. Tuliifungua wote watatu, mtoto akiwa mapajani mwa Neema. Jina langu lilikuwepo, katikati ya majina ya watu wa dunia nzima. Mwanaidi aliweka kidole chini yake, bila kukigusa kioo. "Limekaa vizuri," alisema.

Siku mbili baadaye Marit aliandika. Alisema amepelekewa barua na watu wa Kiswahili wanaoishi mbali, kwamba kwa mara ya kwanza programu inaongea nao kama mtu. Akauliza nimefanyaje, na akasema kuna nafasi moja ya kazi ya mkataba, ya kulipwa, kwa mtu wa kusimamia lugha za Afrika, na anataka kunipendekeza. Nilianza kumjibu. Niliandika, "Aliyefanya kazi hii ni mdogo wangu wa kike." Niliitazama sentensi ile kwa muda mrefu. Mtoto alikuwa amelala, dawa zake zilikuwa mezani karibu na mkono wangu, na barua ya shule ya Salehe ilikuwa chini ya chupa ya dawa. Nikaifuta. Nikaandika, "Asante. Nitafurahi."

Jioni ile nilikuwa chumba cha ndani ninambembeleza mtoto, na wao walikuwa mbele wanachambua mboga. Pazia halizuii kitu. Nilimsikia Neema akisema kwa sauti ya chini, "Wifi, mwambie. Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi."

"Nimwambie nini?"

"Unajua."

Kulikuwa na sauti ya majani yakivunjwa. Kisha Mwanaidi akasema, "Aliacha shule kidato cha pili ili mimi nifike cha nne. Viatu vyangu vya shule alivinunua yeye akiwa anatembea na ndala za kamba. Leo nimwendee nimwambie, kaka, kile ni changu, nipe?"

"Hiyo ni nyingine na hii ni nyingine."

"Kwako wewe, wifi. Kwangu ni moja. Na usimwambie, nakuomba."

Nilisimama nyuma ya pazia na mtoto begani, nikasikia mzigo ukinitoka. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hata lile la kufuta. Nilipaswa kuona aibu, na nilichokiona kilikuwa nafuu. Nilijiambia: basi, kumbe tumelipana. Nikatoka nikauliza mboga zimefikia wapi.

Usaili ulifanyika kwa video, kwenye stesheneri, kwa sababu ndiko kulikokuwa na mtandao wa kutegemewa. Neema alikuwa kazini, kwa hiyo Mwanaidi alikuja na mtoto, akakaa kwenye benchi upande wa pili wa meza, mahali ambapo kamera haikumwona. Marit alikuwa na nywele fupi nyeupe na alizungumza polepole ili nimwelewe. Kiingereza changu kilikuwa cha kuokoteza. Cha Mwanaidi kilikuwa kizuri kuliko changu, na nilijua kwamba anasikia kila neno. Maswali ya kurasa na simu dhaifu niliyajibu vizuri, yalikuwa yangu. Kisha Marit akasema, "Nieleze kuhusu maneno. Unajuaje kama sentensi ni nzuri?"

Mwanaidi alikuwa anamrusharusha mtoto magotini. Aliacha. Sikumwangalia, nilimwona kwa pembe ya jicho tu. Nikasema kwamba nyumbani kwangu kuna ua, na kuna mama mmoja mzee anayepembua mchele, na kwamba mimi huchukua maneno kumi kwenye karatasi na kutoka nayo nje. Nikaeleza yote. Nikaeleza hata maharage yaliyoungua. Marit alicheka hadi akavua miwani. Nilipogeuza macho benchi lilikuwa tupu. Mwanaidi alikuwa ametoka nje na mtoto, amesimama juani, anamwonyesha magari.

Tulirudi kwa miguu. Alinunua hindi la kuchoma, akalivunja, akanipa upande mkubwa. Tulipokaribia nyumbani akasema, "Umejibu vizuri, kaka." Na baadaye kidogo, "Ile ya Bi Sofia umeieleza vizuri kuliko ilivyokuwa." Haikuwa kejeli. Mwanaidi hakuwa na kejeli, na ndiyo maana sikuwa na pa kujificha. Nilitembea nikila hindi lake.

Nafasi nikapewa. Kwa kazi ile Salehe alimaliza shule na chuo, tukajenga hapa tunapoishi, na Mwanahawa amekua bila kujua njaa ni nini. Miezi miwili ya Mwanaidi ikawa mwaka. Nafasi ya ualimu ilipotoka hakwenda kuichukua, kwa sababu toleo lingine lilikuwa linakuja na mtoto alikuwa anaanza kutambaa na, nilivyomwambia, "mwakani zitatoka tena." Hazikutoka kwake. Mwaka ulipokwisha alirudi Sindeni, akaolewa na Rashidi, na siku ya kuondoka nilimpa cherehani mpya, ile ya miguu, imefungwa kwa kamba juu ya gari. Ndivyo mtu anavyomuaga yaya aliyekaa vizuri. Alilipapasa gurudumu lake, akashukuru kwa magoti yote mawili. Habari ya kufungua jina lake hakuiuliza tena. Matoleo yametoka mengi tangu siku ile.

Aliugua kwa muda mfupi mwaka huu, na nilifika akiwa bado ananitambua. Aliuliza habari za Mama, akimaanisha binti yangu. Nilikaa kando ya kitanda chake mchana mzima, na mara mbili nilifungua mdomo. Mara ya kwanza aliingia jirani na uji. Mara ya pili hakuingia mtu yeyote, nikamuuliza kama anataka mto mwingine.

Tuliporudi nyumbani kutoka kwenye arobaini, Mwanahawa aliniuliza Bi Sofia alikuwa na maana gani. Nikamweleza, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, kutoka mwanzo hadi mwisho. Alisikiliza akiwa amesimama.

"Kwa hiyo mimi nilikuwa naumwa, na shangazi ndiye aliyefanya kazi."

"Ndiyo."

"Na alijua kwamba hukusema."

"Alijua. Alikuwa amekaa pale pale."

Alitoka kwenda kuanua nguo, na nilimwona dirishani akizikunja moja moja juu ya bega lake, polepole kuliko inavyohitajika.

Nimemwandikia Marit. Ameshastaafu usimamizi, lakini bado yumo katika kazi. Nilimweleza yote, na alikaa siku tisa kabla ya kunijibu. Hakunilaumu, aliandika kwamba angelipenda kumwona yule aliyekuwa kwenye benchi. Orodha za zamani, alisema, hazibadilishwi, zinabaki zilivyotoka. Lakini jina la Mwanaidi linaweza kuingia katika toleo lijalo, na kila sentensi aliyoiandika inaweza kuandikwa jina lake, mradi niwaonyeshe ni zipi. Nikafungua faili. Zote zina jina langu, zake na zangu, mstari baada ya mstari, na hakuna alama yoyote ya kuzitenganisha. Kwa hiyo ninazipitia moja moja. Ninayoiona ngumu kama mbao, hiyo ni yangu. Inayoongea, ninaiandika Mwanaidi. Nisiyokuwa na hakika nayo ninampa yeye.

Ninafanya hivyo kila siku baada ya kazi. Neema huweka chai mezani bila kuuliza nimefikia wapi. Jana nilimaliza kurasa za maoni. Bado kurasa za picha, na zile za nywila, na yale maonyo yote. Na bado safari ya Sindeni, kumwambia Rashidi mbele ya watoto wake watatu kwamba alichokisema siku ile hakikuwa kweli. Hiyo sijaipangia siku.